Shajara ya Mradi: Kweleakwelea Ndani ya Kilobaiti 40

Desemba, mvua za kwanza

Gemu linahusu kuamia ndege. Mtoto yuko juu ya dungu katikati ya shamba la uwele, teo mkononi, na kweleakwelea wanakuja. Kazi yake ni kuyafikisha masuke mpaka mavuno. Aliyekulia Mvumi, Bahi au Chilonwa hahitaji kuelezwa kazi hiyo, na mimi sijawahi kuiona ndani ya gemu lolote.

Mashine niliyoichagua ni tivii gemu ya kaseti za njano, ile iliyojaa mitaani kwetu kabla ya simu. Hizi ni nakala za Famicom, ambayo Nintendo ilianza kuiuza Japani Julai 1983. Huku Dodoma bado zipo, na nyingine huletwa mezani kwangu kutengenezwa: waya wa pedi umekatika, au tundu la AV limelegea. Zinanivutia kwa sababu mtoto wa Chang'ombe akiwa nayo hadaiwi bando wala akaunti. Anachomeka kaseti, anawasha, anacheza.

Vipimo nimeviandika kwa kalamu nene na kuvibandika ukutani. Prosesa ni ya ukoo wa 6502, inakimbia chini kidogo ya megahezi 1.8. Kumbukumbu ya kazi ni kilobaiti 2, na ya picha kilobaiti 2 nyingine. Kioo ni pikseli 256 kwa 240, lakini huwezi kuchora pikseli moja moja utakavyo. Unapanga vigae vya pikseli 8 kwa 8 kutoka meza mbili, kila meza ikiwa na vigae 256. Vinavyotembea juu ya vigae ni spraiti. Zipo 64 kwa jumla, na mstari mmoja wa kioo hauonyeshi zaidi ya 8. Ya tisa haichorwi.

Hiyo 8 ndiyo iliyonikalisha kitako. Kweleakwelea mmoja hula kama gramu 10 za nafaka kwa siku, ambazo hazimfilisi mtu. Wanafilisi kwa wingi: kundi la milioni 1 linaondoka na tani 10 kwa siku. Nikitengeneza gemu la ndege sita wazuri wenye mbawa za kupendeza, nitakuwa nimetengeneza gemu la ndege wengine kabisa. Kwa hiyo mradi mzima umebaki swali moja: wingi uonekane vipi kwenye mashine inayokataa wingi?

Desemba, mwisho wa mwezi

Jibu la kwanza: ndege wa mbali si spraiti. Kundi likiwa bado juu angani nalichora kwa vigae vya usuli, yaani picha ya nyuma, ndege wanne au watano ndani ya kigae kimoja. Usuli hauna kikomo cha 8. Anga lote likijaa ndege, mashine haioni tofauti na anga tupu.

Tatizo ni kwamba usuli husogea wote pamoja. Kundi likienda kushoto, na shamba linakwenda, na dungu linakwenda. Dawa yake inajulikana na watu wa mashine hizi tangu zamani: unakata kioo katikati. Spraiti namba 0 ina upekee, kwamba pikseli yake iliyojaa ikikutana na pikseli ya usuli iliyojaa, mashine inainua bendera kwenye rejista $2002 (rejista ni kisanduku kidogo cha namba ndani ya mashine, na $ ni alama ya namba za msingi wa 16, si dola). Programu inaisubiri bendera hiyo, na ikiinuka tu inabadilisha msogeo. Mistari 96 ya juu ni anga na inatembea. Yote iliyo chini yake ni shamba na imetulia.

Ila panahitajika kitu kilichojaa pale kwenye mkato, upana wote wa anga, ili spraiti 0 igonge popote anga linapokuwa limefika. Mstari wa rangi katikati ya mbingu ungeharibu kila kitu. Nimeupaka rangi ileile ya anga. Kwa mashine, pikseli yenye namba ya rangi 1, 2 au 3 imejaa hata kama rangi yenyewe inafanana na mandhari. Inayohesabiwa tupu ni namba 0 peke yake. Mstari upo, unagongwa kila fremu, na jicho haliuoni. Gharama yake ni nafasi moja kati ya rangi tatu za paleti ya anga, yaani seti yake ya rangi. Kundi limebaki na kahawia na nyekundu ya mdomo, na zinatosha.

Nimeongeza pia mlango wa dharura kwenye kitanzi cha kusubiri. Bendera isipoinuka, tuseme mtu ametikisa kaseti, programu isikwame humo milele. Kipindi cha pumziko la kioo kikifika inatoka na kuendelea.

Januari

Mbawa. Kundi linaloteleza angani bila kupiga mbawa linaonekana limekufa.

Njia ya kawaida ni kuweka kwenye kaseti IC ya kubadilisha benki za vigae. 74LS161 moja inatosha, na si ghali. Lakini kila IC inayoongezeka ni miguu zaidi ya kuchomelea risasi, na nataka kaseti hii fundi yeyote wa redio aweze kuiiga. Nimebaki na muundo mtupu kabisa: kilobaiti 32 za programu, 8 za vigae, hakuna kingine.

Mbawa zimepatikana kwenye biti moja. Rejista $2000 ina biti inayosema usuli usome meza ipi ya vigae, ya kwanza au ya pili. Nimeweka ndege wenye mbawa juu kwenye meza ya kwanza, na ndege walewale wenye mbawa chini kwenye meza ya pili, namba zilezile. Kila baada ya fremu chache naigeuza biti hiyo kwa ajili ya anga, na kwenye mkato narudisha meza ya shamba. Kundi zima linapiga mbawa kwa pamoja, na hakuna hata baiti moja ya kumbukumbu ya picha iliyoandikwa upya. Vigae vya mbawa chini vinatumiwa pia na spraiti, maana spraiti zangu zinasoma meza ya pili. Sijapoteza kigae.

Masharti yake ni kwamba kigae cha anga tupu na kigae cha mstari wa mkato vilingane katika meza zote mbili, la sivyo mbingu inameta kila mbawa zikipigwa.

Herufi zimekula nafasi ndogo kuliko nilivyoogopa. Kiswahili hakina kazi na Q wala X, hivyo herufi ni 24, tarakimu 10, nukta, alama ya kuuliza, na ile alama ya juu ya ng'. Vigae viwili nilivyookoa hapo vimekwenda kwenye uso wa mtoto.

Februari

Mwezi wa saa. Hadi sasa nilikuwa naandika kwa ca65, programu ya kuandikia lugha ya prosesa, na kujaribu kwenye Mesen, programu ya kompyuta inayoiga mashine hizi, iliyopangwa kama mashine ya Marekani, fremu 60 kwa sekunde. Tivii za huku ni fremu 50.

Ningependa kila anayetaka kuandika gemu la mashine hizi Tanzania alijue hili mapema, kwa sababu maelezo mengi husema kuna aina mbili tu, ya fremu 60 na ya Ulaya ya 50. Nakala nyingi za bei nafuu za fremu 50 ni aina ya tatu. Mesen huiita Dendy, kwa jina la nakala iliyovuma sana Urusi. Mashine halisi ya Ulaya ina pumziko la mistari 70 kati ya fremu na fremu, muda mrefu wa kuandika kwenye kumbukumbu ya picha. Dendy nayo ina fremu 50, lakini inaita programu kwenye mstari wa 291, na baada ya hapo imebaki mistari 20 tu, sawa na mashine ya Marekani. Hiyo ni mizunguko ya prosesa kama 2,270. Kuhamisha orodha ya spraiti peke yake kunakula 513 au 514.

Ukiandika kwa kutegemea mistari 70, gemu litakwenda vizuri kwenye vitabu na kuvurugika Majengo. Nimejipangia kuandika vigae visivyozidi 48 kwa fremu. Kinachobaki kinakaa foleni mpaka fremu inayofuata.

Upande wa neema: fremu ya Dendy ina mistari 312, yaani mizunguko zaidi ya 35,400 kwa jumla, wakati ya Marekani haifiki 29,800. Muda wa kuchora ni finyu, muda wa kufikiri ni mwingi. Kwa gemu la makundi, hiyo ndiyo neema yenyewe.

Mashine ikiwashwa, programu inahesabu urefu wa fremu kwa kitanzi kidogo na kujua iko kwenye aina ipi kati ya tatu. Mwendo wote umeandikwa kwa namba za baiti mbili, ya juu ikiwa pikseli nzima na ya chini vipande vyake. Ndege anayekwenda $0140 kwenye fremu 60 anakwenda $0180 kwenye fremu 50, na kwa macho ni mwendo mmoja.

Machi, Bahi

Nimekuja kwa shangazi na laptop na tivii gemu moja kwenye begi. Uwele wake umeingia maziwa, ndege wameshaanza kupita, na watoto wa jirani wako shambani tangu kabla ya jua. Jioni niliwasha gemu kwenye tivii ya sebuleni. Shangazi alikaa akalitazama muda mrefu bila kusema.

"Mwanangu," akasema, "hawa wako wanashuka mmoja mmoja kama kuku. Kwelea anashuka kwa shuka. Wakigeuka wanageuka wote. Na huyo mtoto anawapiga wa nini? Ukimpiga mmoja, wenzake wanakula. Unapiga kelele wainuke."

Kesho yake nilisimama kwenye dungu na watoto. Ndivyo ilivyo. Teo linapigwa mlio wake usikike, na udongo unaorushwa unapita juu ya kundi ili liinuke. Ndege kuuawa ni bahati, wala hakuna anayeitafuta. Dungu linanesa kila anayerusha anapozungusha mkono, na mtoto mzoefu anarusha huku akiangalia upande mwingine, kule kundi litakakokwenda kutua baada ya kuinuka.

Maneno ya shangazi yamebadilisha gemu, na yamelifanya jepesi kwa mashine. Kabla yake nilikuwa nalinganisha udongo na kila ndege, pembe kwa pembe. Sasa napima jambo moja: mlio umepigwa kwenye safu ipi ya shamba. Walio ndani ya safu sita kila upande wanainuka. Ulinganisho mmoja kwa ndege, bila kuzidisha, na 6502 haina amri ya kuzidisha hata hivyo.

Na kugeuka pamoja kumeokoa kumbukumbu. Ndege 40 kila mmoja na mwelekeo wake ni baiti nyingi. Sasa mwelekeo ni wa kundi, makundi hayazidi manne, na ndege anabeba mahali alipo, hali yake na namba ya kundi lake. Kila sifa ina safu yake kwenye kumbukumbu: mahali pa mlalo pa ndege wote 40 kwanza, kisha pa wima pa wote, kisha hali zao, maana rejista X inafikia safu fupi kama hizo kwa amri moja.

Aprili mwanzoni

Ndege wa gemu sasa ana maisha matatu. Angani ni kigae. Akishuka ni spraiti. Akitua kwenye suke anarudi kuwa kigae: suke tupu linabadilishwa na suke lenye ndege, na spraiti yake inaachwa huru. Ndege 100 wanaweza kuwa wanakula kwa wakati mmoja bila spraiti hata moja kutumika. Paleti ya shamba ni kijani, kahawia na nyekundu, kwa hiyo ndege aliyetua ana mwili wake na mdomo wake mwekundu bila kuomba rangi mpya.

Spraiti zinabanana kundi likiinuka tu. Mtoto anachukua 2 katika mstari, udongo 1, zinabaki 5. Hapo nazungusha orodha: kila fremu naanza kuipanga kutoka ndege tofauti, ili anayekosa nafasi fremu hii aipate ijayo. Nafasi ya 0 haiguswi, ni ya mkato. Matokeo ni ndege wanaometameta, na kwenye fremu 50 mmeto unaonekana zaidi kuliko kwenye 60. Katika magemu mengi mmeto huo ni kasoro. Kwa kundi lililoshtuka umekaa mahali pake, na sitauondoa.

Aprili, wiki ya Pasaka

Muziki. Sikutaka piano. Nilitaka ilimba, ala ya Wagogo ya ndimi za chuma ambayo marehemu mwanamuziki Hukwe Zawose aliifikisha kwenye majukwaa ya dunia.

Ngazi ya Wagogo inatoka kwenye ngazi ya asili ya mlio wenyewe: sauti ya 6, ya 7, ya 8, ya 9 na ya 10 ya mlio mmoja wa chini, yaani zinazotetema mara 6 hadi mara 10 ya mlio huo. Programu nyingi za kutungia muziki wa mashine hizi zinakuja na jedwali la piano, na kwenye jedwali hilo sauti ya 7 haipo; iliyo karibu nayo inasikika kali kwa sikio la huku. Lakini mashine yenyewe haijui piano. Inajua urefu wa wimbi, namba nzima unayoiandika kwenye rejista. Nilichohitaji ni namba inayogawanyika kwa 6, 7, 8, 9 na 10 bila kubakiza. Ipo: 2520. Ukigawa unapata 420, 360, 315, 280 na 252. Unatoa 1 kwa kila moja kwa sababu mashine inaiongeza yenyewe, unaandika, basi. Hakuna kukadiria popote. Kwenye saa ya Dendy sauti ya chini inatoka kama hezi 264 na ya juu kama 440, na uwiano kati yake ni kamili.

Nimekaa na namba hizo tano siku nzima kwa furaha. Mashine ya Japani ya 1983 inaimba Kigogo kwa usahihi ambao kinanda cha kanisani hakiwezi.

Aina ya wimbi ilikuwa na mtego wake. Mkondo wa mraba una maumbo manne ya sauti, namba 0 hadi 3, kulingana na sehemu ya wimbi inayokuwa juu, na kwenye nakala nyingi umbo la 1 na la 2 yamebadilishana nafasi, robo ikitoka nusu na nusu ikitoka robo. Hayo mawili siyatumii. Umbo la 0 liko sawa kila mahali, na la 3 ni robo iliyopinduliwa, ambayo sikio haliitofautishi na robo. Ilimba inatumia la 0 na la 3 tu, kwa hiyo inalia sawa kwenye kila mashine niliyonayo.

Ngoma ni muheme, niliyoirekodi Bahi kwa simu. Mkondo wa sampuli unaanza kusoma kwenye anwani $C000 na kuendelea, na kwa kasi ya juu unameza kilobaiti 4 hivi kwa sekunde. Nimeshusha mpaka kasi ya karibu kilohezi 17, na pigo moja la robo sekunde limeingia katika baiti 529. Sampuli ikicheza, IC ya asili ya Famicom inaweza kuharibu usomaji wa pedi, kitufe kikaonekana kimebonyezwa wakati hakuna aliyekigusa. Kwa hiyo pedi inasomwa tena na tena mpaka majibu mawili yafuatanayo yalingane.

Kasi ya wimbo kwenye fremu 50: kila fremu ya tano muziki unaitwa mara mbili. Katika fremu tano, miito sita. Wimbo haulegei.

Mei

Kaseti. Nimechukua kaseti ya njano iliyokufa, nikakata njia zote zinazoingia kwenye lile tone jeusi la gundi linalofunika IC ya zamani, nikabakiza meno 60 ya bodi. Juu yake soketi mbili za miguu 28 na EPROM mbili za 27C256, IC za kumbukumbu zinazofutika na kuandikwa upya. Moja iko upande wa prosesa, imebeba programu. Nyingine iko upande wa picha, na kwa kuwa vigae ni kilobaiti 8 tu, miguu ya 26 na 27, yaani anwani A13 na A14, imekwenda ardhini. Mguu wa 1 kwenye zote mbili umepewa volti 5. Anga langu linasogea kwa mlalo, kwa hiyo A10 ya picha imeunganishwa moja kwa moja na A10 ya kumbukumbu ya picha iliyo ndani ya mashine.

Dirisha la EPROM nalifunika kwa stika mara tu nikimaliza kuandika. Kufuta kunataka taa ya urujuanimno. Jua kali nalo hufuta likipewa kama wiki nzima, na jua ndicho kitu kisichoadimika Dodoma, lakini siwezi kusubiri wiki kwa kila sahihisho. Nazungusha EPROM kadhaa: moja kwenye kaseti, nyingine kwenye taa.

Mpwa wangu na wenzake wamelicheza kwenye tivii ya kichogo na kwenye tivii bapa. Kwenye tivii bapa mistari yote 240 inaonekana, na weusi kidogo juu na chini. Waligombania pedi, nikaona hilo ni jibu tosha kuhusu mwendo. Malalamiko yao yalikuwa moja.

"Mjomba, mbona dungu lina mtu mmoja? Shambani tunakuwaga wawili."

Ni kweli. Pedi ya pili ipo, rejista $4017 inaisoma, na programu imebakiza zaidi ya kilobaiti 11 tupu. Kinachobana ni mstari: watoto wawili ni spraiti 4, udongo wao 2, wanabaki ndege 2 kabla ya mmeto. Nitawaweka kwenye madungu mawili ya urefu tofauti, moja karibu na moja mbali, ili wasishiriki mstari mmoja wa kioo. Vigae vya dungu la mbali nimeshavichora. Kinachofuata ni kupanga upya jedwali la safu, kila mlio ujue umetoka dungu lipi.